Pazia la Exelda

Saa kumi alasiri, Rosella Haché anapanda kutoka ufukweni na ndoo ya maji ya bahari, akitembea polepole yasimwagike. Ni Jumamosi ya mwezi Mei. Ukungu umekifunika kijiji cha Pointe-Ronde, pwani ya mashariki ya Kanada, na nyumba zinaonekana kama zinaelea.

Maji yanapotokota, anatumbukiza kambakoche wanne, wale kamba wakubwa wenye magando, kichwa kwanza. Kwenye kiti cha dirishani mama yake, Exelda, mwenye miaka themanini na saba, anashika rozari. Nyumba hii haipiki kamba kwa saa ya ukutani. Rozari ikiisha, wameiva.

Ila kabla ya Salamu Maria ya kwanza, mkono wa bibi kizee umeshavuta pazia.

"Mama, liache wazi leo."

"Watu wapite watuone tunakula kamba? Watasema tumeishiwa."

Zamani hapa kamba alikuwa chakula cha wasio na kitu. Rosella alikula mkate wake wa kamba nyuma ya choo cha shule, huku watoto wa mwenye duka wakila nyama ya kopo hadharani.

"Siku hizi wanaokula ni matajiri, Mama."

"Basi funga kabisa. Watakuja kuomba."

Rosella anacheka. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja amevunja magando kwenye kiwanda cha kamba, yapatayo elfu mbili kwa zamu, kwa dola kumi na tisa kwa saa. Hotelini, sahani moja ya kamba ni ujira wake wa nusu siku. Vidole vyake vimejikunja kama mizizi.

"Mama ameanza kusahau majina yetu," anajisemea kwa sauti ya chini. "Aibu ndiyo hajaisahau. Sitaki aondoke nayo."

Habishani tena. Anafunua sufuria. Mvuke unapanda, mweupe, wenye harufu ya mwani, unatanda jikoni kote mpaka kioo cha dirisha kinakuwa kama maziwa. Kisha analifungua pazia.

"Haya, nani ataona sasa?"

Exelda anakitazama kioo. Halafu anaanza rozari.

Mezani, kando ya dirisha, Rosella anapiga gando kwa mgongo wa kisu, mara moja tu, anachomoa nyama nzima na kuipanga sahanini. La pili, la tatu, la nne.

"We Rosella, hapa si kiwandani. Kula!"

"Mikono imeshazoea, Mama."

Siagi inamchuruzika Exelda kidevuni. Taratibu, kwa kidole chenye mafuta, anafuta kioo, tundu la ukubwa wa sarafu, na kuchungulia. Nje anapita Théodule, mzee mwenye mbwa. Anasimama, anavua kofia.

Exelda anainua gando jekundu na kumpungia nalo.

"Huyo ni mtoto wa mwenye duka," anasema. "Mwone anavyomeza mate."

Rosella anatazama pembeni, anapangusa macho kwa aproni.

"Pazia hilo nitalifua Jumatatu," anasema. "Likikauka, labda na mimi nitasahau kulirudisha."