Jezi ya Sita Bila Chini ya Kanzu

Jamani, kuna aibu za kumpata mtu akiwa peke yake, akajipangusa akaendelea na safari zake, na kuna aibu ya kumpata mtu siku ya ndoa yake, mbele ya sheikh, mbele ya baba mkwe, mbele ya nusu ya Kirongwe nzima, na hiyo ya pili ndiyo iliyonipata mimi, Athumani wa Utende, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Najua Shomari, mwenzangu wa barazani, ameshawasimulia, lakini Shomari huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe mnicheke mara moja yaishe.

Kisiwa chetu cha Mafia si kikubwa, ila ubishi wake wa mpira ukiupakia melini meli itazama. Hizo timu mbili za Kariakoo tunazishangilia kama Watanzania wengine, tunanuniana na kuzomeana, lakini ule ni ubishi wa kuazima. Ubishi wetu wenyewe, wa kuzaliwa nao, ni Utende na Kirongwe. Sisi tuko huku kwenye Ghuba ya Chole, watu wa samaki na mahoteli (mimi kazi yangu kubeba mitungi ya hewa ya watalii wanaozamia), wao wako kaskazini na minazi yao na mikorosho. Sisi tunawaambia miguu yao imezoea kukwea, haijui kukimbia, wao wanatuambia sisi tukikimbia dakika kumi tunaanza kutafuta pa kutia nanga.

Na pale barazani kwetu, kila siku baada ya alasiri, kuna swali moja ambalo hakuna aliyewahi kulimaliza: timu bora ya Mafia ya wakati wote ni ipi? Mimi nilikuwa bingwa wa swali hilo. Jibu langu lilikuwa timu ya Utende ya zamani, ile iliyoifunga Kirongwe sita bila, na mechi hiyo naijua dakika kwa dakika, najua bao la kwanza lilikuwa la kichwa, najua la sita lilipigwa kwa nguvu hadi likatoboa wavu, najua golikipa wa Kirongwe alilia akajifuta machozi kwa glavu. (Mimi wakati huo nilikuwa sijazaliwa. Lakini hilo si la kuulizana, mbona Shomari naye alikuwa hajazaliwa, na yeye ndiye aliyenihadithia.)

Ushahidi tulikuwa nao. Ilikuwapo jezi nyekundu ya namba tisa wetu wa siku ile, Mungu amrehemu, ambayo wazee waliiandika mgongoni SITA BILA kwa rangi ya buluu ya kupakia mashua, rangi ambayo ikishika haitoki. Jezi hiyo ilikuwa mali ya baraza zima, inakaa kwenye mfuko wa plastiki nyumbani kwa mtu mmoja kila mwezi, na mwezi ule zamu ilikuwa yangu.

Sasa katika watu wote wa dunia hii, nikampenda Hidaya. Hidaya alikuja Utende kufundisha chekechea, mpole, mwenye maneno machache yenye uzito, na nyumbani kwao ni wapi? Kirongwe. Na baba yake ni nani? Mzee Mbwana. Na Mzee Mbwana siku ile ya sita bila alisimama wapi? Golini.

Posa yangu ilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza mzee alisema binti bado anasoma (Hidaya alishamaliza kusoma zamani), mara ya pili akamwambia mshenga wangu wazi kabisa, "Huyo kijana ana mdomo." Mara ya tatu Hidaya mwenyewe alisema na baba yake, na mzee akakubali, akaweka sharti moja tu: siku ya ndoa hataki kusikia habari za mpira nyumbani kwake. Sharti dogo kuliko mahari, dogo kuliko kitanda, nami niliapa kwa mshenga kwamba siku hiyo nitakuwa sijui hata mpira una umbo gani.

Asubuhi ya siku yenyewe wenzangu wa barazani wakaja kunichukua, na badala ya kunipongeza wakaanza. "Athumani, leo umeuzwa." "Mwakani atakaa na Kirongwe, anashangilia kwa shemeji zake." Shomari, ambaye ndiye aliyekuwa mpambe wangu na alitakiwa kunitia moyo, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. "Basi tena," akasema, "tumempoteza mtu wetu." Maneno yakanichoma. Nikaingia ndani, nikafungua ule mfuko wa plastiki, nikavaa jezi, juu ya jezi kanzu, juu ya kanzu joho jeusi la kuazima, nikatoka. Nikamfunulia Shomari kola kidogo, akaona wekundu, akanikumbatia machozi yakimlenga. Niliona nimefanya jambo la kishujaa. Nani angeona? Kanzu ipo, joho lipo, na nikitoka Kirongwe naweza kuja kusema barazani mpaka uzeeni kwamba niliingia na sita bila mpaka sebuleni kwa golikipa mwenyewe.

Tukafika Kirongwe, tukaswali adhuhuri, tukaenda nyumbani kwa mzee, ambako walikuwa wametandika mikeka chini ya turubai. Jua la siku ile sijui lilitumwa na nani. Jezi za zamani si hizi nyepesi za leo, ile ilikuwa nzito kama blanketi, na juu yake kanzu, na juu yake joho, nami nimekaa mkekani uso kwa uso na Mzee Mbwana, nikitiririka jasho. "Shikamoo baba." "Marahaba." Akanitazama. "Kijana, una homa?" "Hapana baba, nipo salama." "Mvueni joho huyo, asije akatuzimikia kabla hajaoa."

Nikasema joho halinisumbui. Nikasema nalipenda joho. Shemeji yangu Kassim, kaka yake Hidaya, mtu mkarimu kupita kiasi, alishakuja nyuma yangu, akalivua kwa heshima zote, akalikunja, akampa Shomari. Nikamtazama Shomari. Shomari akatazama turubai.

Hata hapo ningeweza kupona, maana kanzu ilikuwa imelowa kwapani tu, na jezi ikionekana kwa mbali, watu wangedhani ni fulana. Lakini ndoa haikosi marashi, na Kassim huyohuyo ndiye aliyeshika mrashi, akapita anawanyunyizia wageni matone mawili matatu kama desturi, alipofika kwa bwana harusi akaona huyu anaungua, amsaidie. Akanimwagia mgongoni kama anamwagilia mchicha. Nikasikia ubaridi unashuka, kanzu inashikana na jezi, na nikajua kwamba rangi ya mashua sasa inasomeka.

Sheikh alishaanza hotuba. Akamaliza. Akaniambia nimpe mkono Mzee Mbwana, ambaye ndiye walii wa binti yake, nikampa, akaushika barabara, na mzee akafungua kinywa aseme "nimekuoza," na kimya kilikuwa kile cha watu wanaongojea neno moja. Ndipo nyuma yangu mzee mmoja wa Kirongwe, mwenye miwani, akasoma kwa sauti, taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu anayesoma kibao asichokiamini: "Si-ta. Bi-la."

Mzee Mbwana akauachia mkono wangu.

Naomba mnielewe. Mkono ule ulikuwa ndio Hidaya. Niliuona ukirudi kwenye goti lake, nikaona kidole kimoja kimepinda kwenye kiungo, kidole cha kudakia mipira, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakumbuka kwamba ile hadithi yangu ya barazani ilikuwa na mtu ndani yake. Nikataka ardhi inimeze, ila mikeka ya Kirongwe imesukwa vizuri, haina pa kupenya.

"Geuka," akasema. Nikageuka. Akasoma mwenyewe. Watu wa Kirongwe wakaanza kunguruma, mmoja akasema nitolewe, mwingine akasema nitolewe bila chakula (hiyo ndiyo kali zaidi), na sheikh akainua mkono wakanyamaza.

"Sina ugomvi na mtoto," akasema Mzee Mbwana. "Mtoto huvaa alichovishwa. Shahidi wenu ni nani?"

Shahidi wetu alikuwa baba mdogo wangu, Mikidadi, mtu wa swala tano, asiyejulikana kwa uongo. Na baba mdogo Mikidadi ndiye aliyekuwa refa siku ya sita bila. (Msiniulize mtu wa Utende alichezeshaje mechi ya Utende. Zamani kipenga kilikuwa kimoja, na kilikuwa chake.)

"Mikidadi," akasema mzee, "shahidi wa ndoa anatakiwa awe mtu wa kweli. Kabla hujamshuhudia mwanangu, nishuhudie mimi. Siku ile tulikuwa wachezaji wangapi?"

Baba mdogo akaitazama kofia yake aliyoishika mkononi. Sisi wa Utende tukamtazama yeye. Nikamwona Shomari anamkonyeza.

"Walikuwa saba," akasema baba mdogo. "Gari lililowachukua wenzao liliharibikia njiani. Hawa saba walikuja kwa baiskeli kutoka Kirongwe mpaka Utende, wakashuka, wakacheza."

"Na bao la sita?"

"Astaghfirullah. La sita lilipita nje ya mlingoti. Wavu ulikuwa umechanika tangu asubuhi, mpira ukaingilia ubavuni. Niliuona. Lakini watu walikuwa wameshaingia uwanjani wanacheza ngoma, na mimi nakaa Utende, na jioni ile nilikuwa nahitaji kulala Utende. Nikapuliza."

La sita! Lile lililotoboa wavu! Nimewahi kutaka kupigana na mtu kwa ajili ya lile bao.

"Miaka yote hii," akasema Mzee Mbwana polepole, "nilikuwa nangoja mtu mmoja wa Utende aseme hilo mbele za watu." Macho yalikuwa yamemlowa, akayafuta kwa kiganja. Kisha akasimama. "Nakwenda kumuuliza binti yangu upya, maana yeye ndiye anayeolewa na hiki kituko."

Akaingia ndani. Nimezamia mara nyingi na watalii, najua pumzi inavyokaribia kwisha, lakini sijawahi kukaa muda mrefu bila pumzi kama nilivyokaa pale mkekani. Nilisema moyoni, ya Rabi, nirudishie Hidaya, uchukue timu zote.

Mzee akatoka. "Hidaya amekubali," akasema, nami nikataka kuanguka kifudifudi. "Ila ameongeza mahari. Juu ya msahafu na cherehani, anataka na hiyo jezi."

"Haiwezekani!" Shomari akaruka. "Hiyo ni mali ya baraza!"

Sheikh akasema kweli, mtu hawezi kutoa mahari kitu kisicho chake, wenye jezi waridhie kwanza. Basi wazee kwa vijana wa Utende wakajikusanya pembeni, wanaume kumi na moja (ndiyo, siku hiyo sisi tulikuwa kamili), wakajadiliana kuhusu maisha yangu, na nilisikia kwa masikio yangu mmoja wao akisema, "Wachumba wapo wengi, jezi ni moja." Baba mdogo ndiye aliyewamaliza. "Toeni," akasema. "Sita yenyewe ilikuwa tano, na hizo tano tuliwafunga watu saba waliochoka."

Wakaridhia kwa shingo upande. Nikapelekwa kwenye ghala la nazi, nikaivua, nikavaa kanzu peke yake, imelowa chapachapa, imeganda mwilini, nikarudi kukaa mbele za watu jinsi nilivyo, na yule mzee wa miwani akasema, "Afadhali jezi."

Nikapewa mkono tena. Mara hii haukuachiwa mpaka niliposema nimekubali, na nililisema neno lile kwa sauti mpaka waliokuwa jikoni wakacheka.

Leo mkija kwangu mtaiona jezi. Hidaya aliipasua vipande viwili, ndivyo vitambaa vyake vya kuepulia sufuria, SITA mkono wa kulia na BILA mkono wa kushoto, na rangi ile bado haijatoka. Barazani nakwenda, lakini likianza swali la timu bora mimi huinuka nikasema nimekumbuka kuna kitu jikoni. Nimeapa kwamba chini ya kanzu sitavaa tena ila fulana nyeupe, na bao ambalo sikuliona kwa macho yangu sitalihesabu, hata la timu yangu.

Baba mkwe hutujia kila mwisho wa mwezi. Chakula kikishatengwa, Hidaya akaweka sufuria chini na vile vitambaa vyake, mzee hunitazama akaniuliza, "Athumani, golikipa bora wa Mafia wa wakati wote ni nani?" Nami tonge likiwa mkononi humjibu, "Ni wewe, baba." Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa woga. Siku hizi, nikikitazama kile kidole kilichopinda kinavyoshika tonge, na nikiikumbuka ile njia yote ya baiskeli, namjibu kwa sababu ni kweli.