Siku Mnadhimu Alipoacha Kiti Chake

Shamima alikuwa na tabia moja ambayo wenzake Bungeni hawakuijua: aliweza kuota akiwa macho. Mjumbe akisimama kuzungumzia barabara za mkoa wake, yeye, ameketi mstari wa mbele, kalamu mkononi, alisikia maneno yakipungua uzito moja baada ya jingine, mpaka yabaki mvumo tu, kama wa watu wazima wanaoongea chumba cha pili huku mtoto anasinzia. Lakini hakupitwa na kitu. Msemaji akikaribia tamati, jicho la Shamima lilikuwa limekwisha kumtafuta anayefuata.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa Mnadhimu Mkuu wa baraza la juu la Bunge, yaani yeye ndiye aliyeipanga siku: muswada upi utangulie, hoja ipi ingoje, nani aseme na kwa muda gani, na kama wajumbe wanatosha kura ipigwe. Mwenyekiti alikaa juu akaonekana na kila mtu. Shamima alipita kwenye korido, akimnong'oneza huyu wa chama chake na yule wa upinzani, hadi siku ikakaa sawa kama shuka lililotandikwa na watu wawili wanaoelewana. Hakupandisha sauti kamwe. Kazi hiyo aliianzia kiwandani Durban, alikoshona mashati miaka mingi kabla wenzake hawajamchagua awasemee. Ukitaka mashine zote zinyamaze kwa pamoja, alizoea kusema, hupigi kelele. Unapita cherehani kwa cherehani.

Mwaka 2011 baraza liliamua kutoka Cape Town na kwenda kuketi Durban kwa wiki moja, liwasikilize wananchi huko huko waliko. Ukumbi ulichaguliwa na wengine. Shamima alipoingia kukagua viti, aliona kuwa madirisha ya upande mmoja yote yalitazama Bluff, kile kilima kirefu kilicholala ng'ambo ya maji ya bandari. Alisimama pale mpaka mlinzi akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Alizaliwa kule. Watu wake waliitwa Wazanzibari, ingawa mababu wengi walikuwa Wamakua waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa wakashushwa Durban. Waliishi Bluff vizazi na vizazi, hadi serikali ya ubaguzi iliposema ardhi ile ni ya Wazungu, ikawapeleka Chatsworth, mtaa ulio mbali na bahari. Shamima alikuwa na miaka saba. Alichobaki nacho hakikuwa na mpangilio wowote: adhana iliyochanganyika na honi ya meli, uji uliomwagika kifuani, mikono ya shangazi yake ikimnyanyua na kumweka juu ya lori.

Shangazi huyo, Bi Atija, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Jumapili kabla ya kikao walikuwa wameketi jikoni kwake Chatsworth.

"Nasikia Alhamisi mnawasikiliza watu wenye madai ya ardhi," alisema Bi Atija.

"Ndiyo, shangazi."

"Nataka kusema."

Shamima aliweka kikombe chini. "Shangazi, nikikuingiza kwenye ratiba watasema Mnadhimu kaleta ukoo wake."

"Sijakuomba uniingize, mwanangu. Nakuarifu tu. Foleni ipo, na miguu ninayo."

Alhamisi ikaamka na ukungu. Asubuhi Shamima alikutana na viongozi wa vyama kwenye chumba kidogo, wakinywa chai ya maziwa. Alikuwa na muswada wa maji ambao ulipaswa kupigiwa kura jioni ile, kabla nusu ya wajumbe hawajakimbilia ndege. Cyprian, msemaji wa upinzani, mtu aliyekulia kwenye mashamba ya miwa, alisogeza kiti karibu.

"Dada Shamima, watu wangu wamesafiri usiku kucha. Kuna wazee mule. Mzee hawezi kumaliza kilio chake kwa dakika tatu."

"Nawahurumia. Lakini ratiba ikilegea kwa mmoja, italegea kwa wote."

Cyprian alimtazama. "Haya. Tumesikia."

Watu wakaanza kusema, wakifuatana kwenye kipaza sauti kilichosimama katikati ya ukumbi. Walisema Kizulu, Kiingereza, Kisotho. Na kwenye vibanda vya vioo wakalimani walizigeuza sauti zao zikaingia masikioni mwa wajumbe. Nje, ukungu ulikuwa umekula kilima chote, na Shamima aliona kama ukumbi mzima umeng'olewa ukaachwa uelee. Mwanamume mmoja alizungumzia ng'ombe waliopotea, na ng'ombe wale wakapita polepole kati ya viti. Kengele ya muda ikalia, mwanamume akakatizwa, ng'ombe wakatoweka.

Ndipo alipomwona Bi Atija amesimama mbele ya kipaza sauti, baibui lake limelowa mabegani kwa ukungu.

"Asalaam aleikum," alisema kikongwe. Kisha akaendelea kwa Kiswahili: "Mimi ni Atija, mtoto wa Bluff."

Masikioni mwa wajumbe kukawa kimya. Wakalimani walitazamana nyuma ya vioo. Na nyuma kabisa ya ukumbi, mwanamke mmoja akaruka kitini. "Eh! Kiswahili iko humu ndani!" alisema kwa sauti, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mwenyekiti aliinama. "Mama, samahani, hatuna mkalimani wa lugha hiyo. Unajua Kizulu?"

"Najua," alijibu Bi Atija kwa Kizulu safi. "Na Kiingereza nakijua. Tuliambiwa tuhame kwa Kiingereza, nikaelewa kila neno. Lakini nyumba ile tuliishi kwa lugha hii. Nikiisema kwa nyingine, itakuwa nyumba ya mtu mwingine."

Mwenyekiti akamgeukia Mnadhimu, kama alivyofanya kila jambo lilipokwama. Shamima alilijua jibu la kikanuni: zamu ya mama iahirishwe hadi mkalimani apatikane. Alijua pia kuwa mkalimani huyo hatapatikana kamwe. Alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ni shangazi yangu, na nalisema hilo mbele ya wote. Lugha hii naikumbuka nusu. Wajumbe wakiridhia, nitaacha kiti changu kwa naibu wangu, nikamtafsirie."

Cyprian akasimama papo hapo. "Simpingi mama. Lakini asubuhi niliwaombea wazee wangu muda, Mnadhimu akakataa. Kama mlango unafunguliwa kwa shangazi, ufunguliwe kwa wote."

Shamima aliwaza muswada, ndege, wajumbe wakichungulia saa zao. Shuka lote alilolitandika, sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeshika pembe yake, tayari kulivuta.

"Mheshimiwa Cyprian amesema kweli," akasema. "Asubuhi nilikosea. Ufunguliwe kwa wote."

Akashuka, akasimama ubavuni mwa shangazi yake.

Bi Atija hakudai shamba wala fidia. Alieleza siku ya kuhama: wanaume walivyopakia vitanda na masufuria, na kaka yake, baba wa Shamima, alivyorudi ndani peke yake, akautoa mlango wa mbele na kuupakia juu ya lori. Chatsworth mlango ule haukuenea popote. Wakauweka juu ya mawe, wakala chakula juu yake, na binti wa jirani akajifungulia juu yake usiku wa mvua. Shamima alitafsiri kwa kusitasita mwanzoni. Maneno yalimjia kutoka chini sana, yakitoa mapovu. Lilipotajwa neno "bawaba" alikwama kabisa. Hakulijua kwa lugha yoyote. Bi Atija akainua viganja viwili, akavibana ukingoni, akavifungua na kuvifunga polepole, na ukumbi mzima ukaitazama mikono ile ikifunguka na kufungwa, wala hakuna aliyehitaji neno.

"Siombi nirudishiwe nyumba," alimaliza Bi Atija. "Waliomo sasa nao wana watoto. Naomba iandikwe tu kwamba palikuwa na nyumba, na ilikuwa na mlango, na tulikuwa tukiufunga jioni kwa amani."

Shamima alitafsiri sentensi hiyo kwa sauti yake ile ambayo haikupanda kamwe.

Kisha wakasema wengine. Wazee wa Cyprian kutoka mashamba ya miwa walisema hadi wakachoka wenyewe. Yule mwanamke wa nyuma naye akaja mbele. Alikuwa Godelive, Mrundi wa mtaa wa Albert Park, msusi.

"Miye nasuka nywele kwa barabara," alisema. "Mvua ikikuja, tunakimbia na wateja, kichwa nusu imesukwa, nusu hapana. Tunaomba paa tu. Merci, mama, ya kunitafsiria."

Watu walicheka, na Godelive akacheka pia. Kufikia hapo viti vya wajumbe vilikuwa vimeanza kubaki vitupu. Jioni hapakuwa na akidi, na muswada wa maji haukupigiwa kura.

Mkuu wa chama alimpigia simu kabla hajafika kwenye gari. "Muswada umekufia mikononi mwako?"

"Haujafa," alijibu Shamima. "Umelala. Utaamka Jumanne."

Mkuu akakata simu.

Garini Bi Atija alivua viatu, akakunja miguu kitini. "Ulitafsiri vizuri," alisema. "Ila nilisema 'kwa amani', wewe ukasema 'kwa ukimya'. Si kitu kimoja, mwanangu. Ukimya tulikuwa nao baadaye."

Alilala kabla hawajatoka kwenye taa za bandari. Shamima alipita njia ya kukatia Chatsworth bila kuiona, akaendelea kusini, akipunguza mwendo kila robot, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, ili kichwa cha shangazi kisigonge kioo.

Muswada uliamka kweli Jumanne, ukapita. Mwandishi wa kumbukumbu rasmi za Bunge akampigia Shamima kumuuliza maneno ya Bi Atija yanaandikwaje, naye akayataja herufi kwa herufi, na safari hii amani ikawa amani. Paa la Godelive halikujengwa, ingawa Cyprian aliliulizia barazani zaidi ya mara moja. Ndani ya chama kuna walioacha kumwamini Mnadhimu anayeweza kuipoteza jioni nzima. Baada ya uchaguzi wa 2014 Shamima alirudi barazani, ila unadhimu ukapewa mwingine.

Siku ya kwanza alikaa mstari wa nyuma, mahali ambapo sauti za wasemaji hufika zikiwa zimelegea. Mtu mwingine alikuwa akizunguka kwenye korido sasa, akiipanga siku. Shamima alisikiliza kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, akangoja aitwe.