Udongo Niliouchota kwa Mwenzangu

Anthuriamu ile, mmea wa kupamba nyumba, ilikuwa yangu kwanza. Nilipewa na bibi mmoja niliyekuwa nikimtunza huku ughaibuni, katika mji wa Bladensburg, siku alipohamia kwa mwanawe. Majani yake yalikuwa mapana, laini kama mahameli, yenye mishipa myeupe. Ilikuwa na machipukizi mawili. Moja nikabaki nalo, la pili nikampa rafiki yangu wa kanisani, Mtanzania anayeishi mji jirani wa Columbia. Nilimpa kwa moyo mweupe kabisa.

Mwaka haukuisha, akanikaribisha chai. Mmea wake ulikuwa umejaza dirisha. Jani moja lingefunika sinia. Wangu, nyumbani, ulikuwa umebaki na majani mawili ya manjano. Kulikuwa na wageni wengine wawili, na mazungumzo yote yalikuwa ya mmea huo.

"Mkono wako una baraka," mmoja akamwambia.

Akacheka tu. Nilikaa nikitafuna mandazi nisiyoyasikia ladha, nikingoja ataje aliyempa. Hakunitaja.

Alipotoka kuwasindikiza hadi kwenye gari, nilichomeka vidole kwenye chungu chake, nikachota udongo, nikaufunga kwa tishu na kuutia mkobani. Mimi, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya.

Nyumbani niliumwaga juu ya gazeti nione una siri gani. Udongo wenyewe ulikuwa haba. Vingi vilikuwa vipande vya magome ya msonobari, punje nyeupe nyepesi za perlaiti, nyuzi za makumbi ya nazi na mkaa kidogo. Nikaung'oa mmea wangu. Mizizi ilitoka myeusi, inanuka, imegandamana na udongo mzito wa bustani. Nilikuwa nikiumwagilia kila asubuhi kwa sababu niliambiwa unapenda unyevu. Kumbe unyevu unaupenda, lakini mizizi nayo inataka hewa.

Kesho yake akapiga simu.

"Dada, kwenye chungu changu kuna shimo la vidole vitatu."

Nikautazama udongo wake, bado uko juu ya gazeti.

"Ungeniuliza tu, ningekueleza," akaendelea.

"Nawe ungewaambia wale wageni kwamba ni mimi niliyekupa, ningekuuliza."

"Hapo umesema kweli," akasema. "Nilipenda kusifiwa. Nisamehe."

Jumapili baada ya ibada alikuja na mfuko wa mchanganyiko ule. Tukakata mizizi iliyooza, tukaupanda mmea upya. Akamimina maji, yakapenya na kutokea chini mara moja.

"Ukiona yanatuama juu, ujue udongo umeshindiliwa," akasema. "Na usirudie kumwagilia hadi juu pakauke kidogo."

Nilimshukuru, ingawa kufundishwa kutunza mmea wangu mwenyewe kulinichoma.

Ulipona. Sasa una majani matano. Wake una kumi na manne. Najua, kwa sababu kila nikienda kwake, akiingia tu jikoni kutia chai, huwa nayahesabu.