Kapteni Rodo Mpya na Mdogo Wangu wa Ipogolo

Mwalimu Yohane wa darasa letu la watu wazima ameng'ang'ana niandike habari za mtu ninayemfahamu. Nimemwambia nina mahindi ya kupalilia, na mkono wangu ni wa jembe, kalamu inaniteleza. Hasikii. Haya, nitaandika habari za mdogo wangu Isakwisa, aliyekuwa fundi magari Ipogolo, kule bondeni chini ya mji wa Iringa, na mtu asinisahihishe, maana mimi nilikuwepo.

Isakwisa aliondoka kwetu Rungwe akiwa kijana, akaenda kuchuma chai Mufindi, upande wa Igowole, kabla hajawa fundi. Huko shambani Jumamosi walitundika shuka ukutani, watu wakaonyeshwa sinema. Ndiko alikomkuta Kapteni Rodo, Mzungu mwenye chombo cha kwendea kwenye nyota. Chombo chenyewe kilifanana na chungu kilichofunikwa. Sinema zilikuwa tano, za nyeusi na nyeupe, na Isakwisa alizifuata zote mpaka Iringa mjini, juu ya malori ya chai. Akija likizo anatusimulia jikoni, anatikisika kwenye kigoda kama yumo chomboni. Kaka yetu mkubwa, Fanueli, alikuwa akicheka mpaka machozi. Anamwambia rudia pale Rodo anapovua kofia. Maana Rodo huyo, jambo likimzidi, alivua kofia kwanza, akajipangusa jasho, halafu ndipo akaamua.

Fanueli alifariki mwaka wa sabini na tano. Kwetu mwenye mji hafi akaacha nafasi yake wazi. Wazee humpa ndugu yake jina lake, na tangu siku hiyo ndiye yeye, baba wa watoto wale, na akiitwa kwa jina hilo lazima aitike. Mjane hatukumgusa, sisi ni watu wa kanisa. Lakini jina alipewa Isakwisa, naye akalikimbia. Wazee waliita "Fanueli" mara tatu, akatazama chini. Kesho yake alipanda basi kurudi Ipogolo.

Miaka miwili ikapita. Lusia, binti wa marehemu, akapata mchumba, kijana mzuri wa Mwakaleli. Watu wa kijana walikuja, wakauliza baba wa binti yuko wapi. Hatukuwa na wa kumwonyesha. Wakasema watarudi mwezi wa nane, na wakikuta kiti kitupu watatafuta kwingine. Lusia alilia siku tatu. Mimi nikafunga ndizi zangu, nikapanda basi.

Nilimkuta yuko chini ya lori. Nilipotaja jina la marehemu akatoka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akasema alasiri hiyo kuna sinema mpya ya Rodo mjini, twende kwanza, mengine baadaye. Nilikasirika, nikaenda.

Jamani, rangi mpaka macho yanauma. Chungu wamekitupa, wameleta kitu kirefu chenye taa kama harusi ya Wahindi. Rodo naye siye. Yule wa zamani alikufa, wakaweka kijana mwenye nywele zilizofunika masikio. Isakwisa hakunyamaza hata kidogo, analalamika tu. Chombo hakitikisiki, kinateleza tu kama kwenye lami, wakati yule wa zamani alishuka kwenye nyota kama lori linashuka mlima wa Kitonga, ukaona kabisa watu wana hofu. Huyu anacheka ovyo. Kofia hana. Waliokaa mbele yetu waligeuka, wakamwambia mzee, kama hutaki tupishe.

Mimi Kiingereza sijui hata neno. Nilielewa kitu kimoja. Humo kwenye sinema alikuwapo mzee wa mvi, ambaye Isakwisa aliniambia yumo tangu sinema ya kwanza. Alisimama mbele ya yule kijana, akamtazama muda mrefu, halafu akamwita, "Kapteni Rodo." Kijana akageuka, akaitika.

Nikasema, "Kumbe hata Wazungu wanapeana jina la marehemu."

"Si hivyo, dada. Huyo ni mwigizaji tu, amelipwa."

"Gwe, wewe, alipwe asilipwe, ameitwa ameitika. Kofia hana, anakosea kila kitu, lakini ameitika. Wewe je?"

Taa zikawashwa, tukatoka. Tulipokuwa tunateremka Ipogolo akasema, "Mimi siwezi kucheka kama kaka."

"Nani amekuomba ucheke?"

Mwezi wa nane wageni walirudi, na Isakwisa naye alikuwa amekuja. Mzee Jailos, msemaji wa ukoo wetu, alisimama uani akaita, "Fanueli." Lusia alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili kama inataka kupeperuka. Jailos akaita tena. Mdogo wangu akakohoa, akasema, "Naam, nipo," kwa sauti nyembamba, si ya kaka hata kidogo. Lusia akapiga magoti, akamwita baba. Ikatosha.

Lusia sasa yuko Mwakaleli na mtoto. Baba yake amerudi huku, amefungua gereji Uyole. Watoto wa kaka anawalea kwa kukosea na kujifunza. Yule kijana wa sinema bado anamsema vibaya, ila amekwenda kumtazama mara nne. Anadai anataka kuona kama amezoea.

Sasa wewe uliyesoma jasho langu bure, nasikia ipo sinema ya pili ya Rodo huyo mpya. Ukisikia imefika Mbeya au Iringa, tuandikie siku na mahali, na usichelewe. Kwenye bahasha andika Fanueli, gereji ya Uyole. Ukiandika Isakwisa, hataipokea.