Kofia Nyeupe Kituoni

Mimi ndiye niliyetaka tuhame, na niseme hivyo mapema kabla mtu mwingine hajanisemea. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katikati ya Kolwezi, karibu sana na mgodi, hivi kwamba walipolipua miamba mchana, sahani kabatini zilicheza zenyewe. Nikianika shuka jeupe asubuhi, jioni naanua la rangi ya chai. Watoto wetu wawili walicheza ndani ya korido kwa sababu nje kulikuwa na malori. Basi niliposikia kwamba viwanja, au parcelle kama tunavyosema sisi, vinapatikana nje ya mji, upande wa njia ya Likasi, nilimwimbia mume wangu wimbo huo mmoja asubuhi na jioni hadi akachoka. Yeye si mtu wa maneno. Akisema "mm" amehutubia. Siku aliyosema, "Bon, twende tuone," nilijua nimeshinda.

Kiwanja chetu kilikuwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba tuliyokuja kuijenga. Mtu asiyetoka Katanga angesikitika, lakini mume wangu alikizunguka mara mbili, akakipiga teke, akatabasamu. Udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali mazuri. Tulikivunja chote, tukafyatua, tukachoma tanuri mbili, na leo tunalala vyumba vitatu ambavyo nusu ya kazi yake ilifanywa na mchwa. Mlango wa mbele mume wangu aliuchonga mwenyewe, na nilimsumbua sana juu ya rangi yake.

Mtaa wetu wa mchana ni wa wanawake, watoto na bata. Wanaume wote wako kazini mjini na migodini. Akibaki mmoja siku yake ya mapumziko, hujificha ndani, maana akionekana tu barazani ataitwa na nyumba tano: huku pampu imekwama, kule bati limeng'oka, na mama fulani ana kuku asiyeshikika. Watoto huendesha baiskeli katikati ya barabara kwa sababu gari ni tukio. Mvua za kwanza zikinyesha tunaingia msituni nyuma ya nyumba kuchuma uyoga, na anayerudi na kikapu kikubwa hupita kusudi mbele ya nyumba zote, polepole, kama anatafuta kitu alichoangusha. Huyo mara nyingi ni mimi.

Lakini miezi minane ya mwanzo haikuwa hivyo. Basi la kampuni ya mume wangu lilipita kwenye barabara kuu bila kusimama kwetu, na kituo cha karibu kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Ikabidi alale kwa kaka yake, upande wa Mutoshi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nilikuwa na nyumba nzuri na mume wa Jumapili. Sikulalamika, kwani ningemlalamikia nani? Wimbo ulikuwa wangu. Nilipanda maua mbele ya nyumba kwa nguvu mpaka majirani wakadhani nafungua duka la maua.

Kisha familia nyingine zikaja, wafanyakazi wakaongezeka, na kampuni ikakubali basi lisimame penye mkaratusi mkubwa kando ya barabara. Tangu siku hiyo mume wangu akawa anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, jua bado lipo. Anakula nasi. Anatazama madaftari ya watoto na kukunja uso kana kwamba anakagua mtambo. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa mwaka uliofuata, na majirani humwita mtoto wa basi. Sikatai.

Sasa, mwaka jana wafanyakazi kadhaa wa mtaa wetu walihamishiwa mgodi mwingine wa mbali, wakapewa malazi huko huko. Penye mkaratusi wakabaki tisa. Mume wangu akarudi jioni moja, akanawa mikono, akakaa, akasema kwamba mkuu wa usafiri atapita asubuhi moja ya wiki ijayo kuhesabu watu. Kanuni ni watu kumi na watano kwa kituo. Wakipungua, kituo kinafutwa.

"Kisha wewe?" nikamwuliza.

"Kisha ku kwa kaka yangu," akasema, akaanza kula.

Nilikasirika. Nikiwa na hasira huwa nafagia, na usiku ule nilifagia hata mahali palipokuwa safi. Kulipokucha nikavuka barabara kwenda kwa jirani yangu anayeuza mikate ya mafuta, mama mnene, mcheshi, ambaye mume wake pia ni mmoja wa wale tisa. Alinisikiliza huku akigeuza mikate ndani ya karai. Alipoitoa ya mwisho alikuwa tayari na jibu.

"Banataka kumi na tano? Tutabapatia kumi na tano," akasema. "Ba tata biko tisa. Ba mama sita, hesabu imetimia. Ile saa kungali giza. Yeye atahesabu tu vichwa na kasike."

Kasike ni zile kofia ngumu za mgodini, na kila nyumba ya mtaa wetu ina moja kuukuu ambayo watoto hubebea mchanga. Vizibao vya kung'aa navyo havikosekani. Wazo lilinipendeza mpaka nikala mikate minne bila kulipa. Kabla ya saa sita mchana, kundi letu la akina mama kwenye simu lilikuwa limechagua sita, nami nikiwa wa kwanza.

Mume wangu alipoambiwa aliweka kijiko chini. Yeye ni mzee wa kanisa, na uongo humkwama kooni kama mfupa wa samaki.

"Njia ya muongo ni fupi," akasema.

"Ya kwako ya kwenda Mutoshi ni ndefu," nikamjibu.

 Wiki ile nzima tulizungumza mambo ya chumvi na makaa tu.

Jumatatu tukasimama. Saa kumi na moja unusu, baridi ya kiangazi inauma masikio, wanawake sita tumevaa suruali za waume zetu, vizibao vya kung'aa na kasike, tumejipanga nyuma ya wanaume ambao walitazama mbele kama hawatujui. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni chini ya kizibao, kwa sababu nikimwacha kitandani huamka na kuamsha mtaa mzima. Kofia yetu ya nyumbani ilikuwa imepasuka. Jirani yangu aliniletea nyingine iliyokuwa imetundikwa sebuleni kwake, ya marehemu baba mkwe wake, nyeupe, safi, inang'aa.

"Inakupendeza, mama, sawa vile bibi arusi," aliniambia, nami nikaamini, kwa kuwa huwa naamini mambo ya namna hiyo upesi.

Jumatatu hakuja mtu. Basi lilifika, wanaume wakapanda, sisi tukarudi kuchemsha chai. Jumanne hivyo hivyo, na Jumatano tukawa tumeshazoea, tunapeana umbea chini ya kofia na kucheka kwa kubana pua. Nikiri kwamba tulianza kuyapenda. Mmoja wetu alisema akipata mshahara ataendelea.

Alhamisi ikaja gari ndogo ya kampuni. Ilipunguza mwendo, taa zake zikatupitia mmoja mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Nilihesabu pamoja nayo moyoni. Ilifika kumi na tano, ikaanza kuondoka. Nilikuwa karibu kushusha pumzi, mara ikasimama, ikarudi kinyumenyume mpaka mbele yangu. Akashuka mwanamume wa makamo, karatasi mkononi, akavua kofia yake, akasimama wima kwa heshima.

"Bonjour, chef! Munisamehe, sikubaona. Gari yenu iko na panne? Muingie, nitabapeleka."

Hapo ndipo nilipojifunza, na laiti ningejifunza Jumapili, kwamba mgodini kwao rangi ya kofia ni cheo. Bluu ni ya mafundi, kijani ya wageni. Nyeupe ni ya wakubwa, na wakubwa hawangojei basi chini ya mkaratusi. Wake za mafundi tunafua nguo za kazi kila siku, lakini kofia hazifuliwi, kwa hiyo hakuna aliyetuambia. Mume wangu angeniambia kama tungekuwa tunazungumza.

Niliinamisha uso. Nikajaribu kutoa sauti nzito. Iliyotoka ilikuwa ya mbuzi. Na mtoto wa basi, ambaye alikuwa amelala siku tatu zote bila shida, akapiga chafya.

Yule bwana akatazama mgongo wangu. Akatazama viatu vyangu vya plastiki vya rangi ya waridi. Akainua taa ya simu yake, akaipitisha kwa wale watano wengine, ambao mmoja alikuwa ameshaanza kucheka na mwingine anaomba kwa sauti.

"Hii ni équipe ya wapi?" akauliza.

 Niliona kituo chetu kinafutwa kwa ajili ya kofia niliyoipenda kwa sababu inanipendeza. Ndipo mume wangu akatoka mbele ya mstari. Alitembea polepole, akavua kasike yake ya bluu, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Chef, huyu ni bibi yangu," akasema. "Na bale batano ni ba bibi ya ba collègue. Bantu ba kazi hapa tuko tisa. Njo hesabu ya kweli."

Nikafumba macho. Lakini hakunyamaza.

"Mbele hii arrêt ya basi haiyakuwa, nilikuwa nalala ku kwa kaka yangu semaine muzima. Siku moya ya samedi nikafika ku nyumba, nikapiga hodi. Mutoto yangu wa pili akafungula mulango. Akaniangalia, kwisha akaita dada yake: 'Yaya, kuya uone, kuko tonton moya ku mulango.' Tonton, sawa vile mujomba mugeni! Mi njo tata yake, chef. Ule mulango niliuchonga na hii mikono. Kutembea, nitatembea. Kulala mbali, nimekwisha kulala. Mais ile neno, mi sitaki kuisikia mara ya pili."

Tangu tuoane sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja, wala sikuwa nimewahi kusikia habari ile ya mlangoni. Jumamosi hiyo, bila shaka, nilikuwa jikoni au kwenye maua yangu. Nililia pale pale, na ile kofia ya wakubwa kichwani, mbele ya watu, na sikuona aibu.

 Mkuu wa usafiri alijikuna shingo. Wanaume wengine nao walikuwa wamevua kofia zao, sijui kwa nini, kama watu walio kanisani.

"Nilitumwa kuandika hesabu," akasema mwishowe. "Nitaandika tisa, juu njo tisa." Akaandika. Kisha akageuza karatasi, akaiweka juu ya boneti, akaendelea kuandika upande wa pili, muda mrefu kuliko inavyohitaji tisa. Akakunja, akaingia garini. Kabla ya kufunga mlango alinitazama. "Chef, mupeleke mutoto ku nyumba. Baridi."

Tulicheka gari ilipokwisha kuondoka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Hatukujua ameandika nini. Ijumaa na Jumamosi basi lilisimama, ila hilo halikuthibitisha kitu, kwa sababu majibu yangetoka Jumatatu. Jumapili mume wangu alipanga nguo tatu ndani ya begi lake la zamani na kuliweka nyuma ya mlango wa chumba. Nami niliyeweza kumwuliza mtu yeyote jambo lolote sikuthubutu kumwuliza habari ya ile Jumamosi. Niliogopa jibu. Nilijiambia atasema: ni wewe uliyetaka kuhama.

Jumatatu asubuhi tulikwenda mkaratusini wote, safari hii sisi wanawake katika vitenge vyetu, bila kofia. Watoto nao walikuja na baiskeli zao. Basi likatokea kwa mbali, taa mbili kwenye ukungu. Lilikuja kwa kasi mpaka jirani yangu wa mikate akanishika mkono na kuniumiza. Kisha tukasikia breki. Dereva akafungua mlango, akasema wameambiwa kituo kinabaki, na kwamba mkubwa mwenye kofia nyeupe anasalimiwa na watu wote wa ofisi ya usafiri. Jirani yangu alipiga vigelegele hadi bata wa mtaa wa pili wakajibu. Mikate ya siku ile aliigawa bure, hata ile minne ya kwangu akaisamehe.

Jioni mume wangu akarudi saa kumi na mbili. Tulikula bukari, ndio ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki. Watoto wakubwa wakaenda kuoga, mdogo akasinzia kwenye paja lake, na begi likawa bado liko nyuma ya mlango, hakuna aliyelikumbuka. Nikajikaza.

"Ile siku ya tonton," nikasema. "Mbona hukuniambia?"

Alimega tonge, akalichovya kwenye sombe, akalishika bila kula.

"Juu ulikuwa na furaha sana na hii parcelle," akasema.

 Nikachukua kijiko, nikamwongezea bukari.