Fremu Imenichosha

Nyanjige Specioza Maige ni binti wa Maige Mabula wa Zagayu, yule aliyeswaga ng'ombe hadi Nassa mwaka ambao visima vilikauka, akarudi na kundi zima na ndama wa ziada. Maige alizaliwa na Mabula aliyechimba lambo kwa jembe la mkono, wake zake wawili wakibeba udongo kwa ungo, na wasipotajwa hao wawili lambo halina hadithi. Upande wa mama, bibi yake ndiye aliyekataa kupimiwa pamba kwenye mzani mbovu. Aliketi juu ya robota lake, akafungua kiazi chake akala, na hakunyanyuka mpaka mzani mwingine ulipoletwa.

Nyanjige mwenyewe ndiye mwanamke wa kwanza kuchapa fulana mjini Bariadi. Kama yupo aliyemtangulia, hajajitokeza mpaka leo.

Kazi alifundishwa na marehemu mume wake, Kasmiri, baba Danford, mchora mabango. Kasmiri alipofariki, watu walingoja mjane afunge duka arudi Zagayu akalime choroko. Hakurudi. Aliwamba wavu wa kuchapia mwenyewe, akakoroga wino mwenyewe, akachapa fulana za kwaya, za misiba, za vikundi vya kuweka na kukopa. Chumba alichofanyia kazi kilikuwa kile kile alichopanga Kasmiri kwa Mzee Abdulkarimu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeingia Bariadi kijana na sasa ana wajukuu. Humo ndani Nyanjige alichimba mfereji mdogo wa kutoa maji ya kuoshea wavu, akatoboa dirisha la pili ili harufu itoke. Sakafu ilishika kila rangi iliyowahi kupita mjini. Hakuna chumba kingine ambacho angekihamia leo na kesho yake akachapa.

Pamba ilipokwisha kuuzwa na msimu wa ngoma ukakaribia, akaja Ngeleja, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha huko huko Zagayu. Walitaka fulana nyeupe zenye picha ya ngoma: mistari myeusi, na ndani ijazwe nyekundu. Rangi mbili ni fremu mbili, kila rangi na wavu wake. Nyanjige alichapa ya mfano, akaianika, akamwita.

"Mwadila, mayu," Ngeleja alimsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu." Akaikunjua ile fulana, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Mayu, hii ngoma yetu imechomwa kisu? Mbona inavuja damu?"

Kweli ilivuja. Nyekundu ilikuwa imeruka mstari upande mmoja, na upande wa pili imeacha pengo jeupe. Ngeleja alicheka, akasema atarudi ikishatibiwa. Nyanjige hakucheka. Aliiweka fremu ya nyekundu mezani, akabonyeza kona moja. Kona ya pili ikainuka.

Aliibeba begani hadi kwa Mashaka, seremala aliyeitengeneza. Uani kwa Mashaka hapakosi watu: wanaosubiri vitanda, wanaosubiri majeneza, na wasiosubiri kitu.

"Mashaka, hii mbao ulinipa mbichi."

"Mama Danford, mbao ilikuwa kavu. Wewe unaiogesha kila siku kama mtoto mchanga, isipinde kwa nini?"

"Naiogesha kwa sababu ndiyo kazi yake!" Na hapo Nyanjige, ambaye hajawahi kujua kusema kwa sauti ndogo, akasema maneno ambayo uani wote uliyasikia. "Fremu hii imenichosha. Imenichosha kabisa. Natafuta nyingine kabla ya ngoma kuanza!"

Sasa, fremu ni neno lenye tumbo kubwa. Kwa seremala, fremu ni miimo ya mlango. Kwa mchapaji, ni mbao nne zilizobana wavu. Lakini kwa watu wa mjini wanaoishi kwa kuuza na kununua, fremu ni chumba cha biashara, na mtu akisema fremu imemchosha, maana yake anahama. Wale wasiosubiri kitu waliinuka wakaondoka na habari. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshakaa kibarazani kwa Mzee Abdulkarimu, imekunywa na kahawa.

Asubuhi yake Nyanjige na mkamwana wake Kabula, mke wa Danford, walikuwa kwenye chumba cha kuchapia wakijiandaa kutoka kwenda kupima fremu. Kabula alikuwa ameleta fremu mbili mpya za alumini kutoka kwa Josia, fundi wa madirisha. Alikuwa ameziimba hizo alumini tangu aolewe: hazinywi maji, hazipindi, nyepesi. Nyanjige naye alikuwa na jibu lake lile lile, kwamba mbao ndiyo iliyosomesha watoto wa nyumba hii. Walikuwa bado kwenye mabishano hayo Bimdogo alipoingia.

Bimdogo alikuwa akikodisha magauni ya harusi kule karibu na stendi, kwenye vumbi, na gauni jeupe na vumbi havipatani. Aliingia na futi shingoni kama fundi cherehani, akasalimia vizuri, kisha akaenda moja kwa moja ukutani akaanza kupima.

"Bimdogo," alisema Nyanjige, "unanishonea ukuta gauni?"

"Napima tu pa kuwekea kioo, dada. Usiwe na haraka. Hata ukihama mwisho wa mwezi mimi sina neno."

"Ahame nani?"

"Si wewe? Mzee ameshanipa neno lake."

Kabula aliweka mkono mdomoni. Nyanjige alichukua ile fremu iliyopinda, akamwashiria Kabula achukue hizo mpya, akatoka. Bimdogo akafuata na futi yake ikimning'inia.

Mzee Abdulkarimu alikuwa nyuma ya meza yake ya kioo, ile ya kukatia vitambaa. Alipomwona Nyanjige akageuka kupanga majora ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba." Hakugeuka. "Miaka yote hii, mama Danford. Kasmiri ameingia humo mikono mitupu, nikamwambia kaa. Amefariki, nikakwambia kaa. Leo unasimama uani kwa watu unasema fremu yangu imekuchosha. Hata kuniaga?"

Nyanjige alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa hana desturi ya lolote kati ya hayo mbele za watu, alifanya lile alilozoea kufanya hapo. Maana kila fremu aliyowahi kununua aliileta kwanza kwenye meza hii. Bariadi nzima sakafu zina mabonde na meza zina miguu mifupi, lakini kioo cha Mzee Abdulkarimu kimelala sawa kama maji ya mtungini. Aliilaza fremu ya mbao juu yake, akabonyeza kona.

Ko. Akaachia. Ko. Akabonyeza tena. Ko, ko, ko.

Mzee akageuka.

"Hii ndiyo fremu iliyonichosha," alisema Nyanjige. "Inacheza ngoma kabla ya wenye ngoma."

Mzee Abdulkarimu aliitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena. Alivua kofia akafuta jasho lisilokuwepo. "Lakini nimeshampa mwenzio neno," alisema taratibu. "Na neno langu silirudishi mwenyewe. Labda aliyepewa alirudishe."

Basi shauri lote likawa kwa Bimdogo. Bimdogo alikuwa na haki yake. Alikuwa na magauni yake na vumbi lake.

"Kwanza niambie, dada," alisema Bimdogo. "Hiyo uliyokuwa unaitafuta ulitaka iweje?"

"Isiyopinda. Isiyonywa maji." Nyanjige alisita, akamtupia Kabula jicho la haraka. "Na nyepesi kubeba."

"Nyepesi kubeba!" Bimdogo alishika kiuno. "Mzee Abdulkarimu, na wewe mwenye fremu sita mjini, umewahi kuona moja nyepesi kubeba? Hao waliokuletea habari hawakukuletea na uzito?" Akacheka mpaka akashikilia meza, na mzee naye, baada ya kujizuia kidogo, akacheka ndevu zikatikisika. "Lichukue neno lako, mzee. Hata hivyo nimeona ule mfereji. Bibi harusi akiburuza gauni humo atatoka na bendera ya taifa. Ila ikipatikana nyingine mbali na vumbi, mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema mzee. Kisha, kwa kuwa mwanamume hapendi kubaki na kosa peke yake, akamwambia Nyanjige, "Na wewe siku nyingine sema skrini, kama wachapaji wengine."

"Nikisema skrini watanipeleka kwa fundi simu."

Bimdogo akaenda zake. Nyanjige akaondoa ile ya mbao, akalaza alumini ya kwanza juu ya kioo. Alibonyeza kona zote. Kimya. Akalaza ya pili. Kimya pia. Akatoa kamba mfukoni, akaipima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, upande huu na upande ule. Ya kwanza ililingana. Ya pili, upande mmoja kamba ilibaki na mkia.

"Hii hailali vibaya, ila mabega hayalingani," alisema. "Josia amezoea madirisha. Dirisha likiwa na bega moja, ukuta unalificha."

"Basi nyekundu tuchapie ya mbao, mayu? Mashaka atatupa kavu," alisema Kabula, akijaribu kuwa mpole.

"Hapana. Rangi mbili ni pacha, Kulwa na Doto. Huwezi kumlea mmoja kwa maziwa na mwenzake kwa maji halafu ukashangaa hawafanani. Moja ikiwa alumini, ya pili nayo alumini." Akamgeukia. "Na usitabasamu."

"Sijatabasamu, mayu."

Nyanjige aliiviringisha ile kamba, kamba ya katani aliyoikata Kasmiri, yenye fundo katikati lililokwisha kuwa jeusi kwa wino. Akaiweka kiganjani mwa Kabula pamoja na fremu yenye kasoro.

"Kuanzia leo kuchagua fremu ni kazi yako, mimi nitachapia utakayoniletea. Nenda kwa Josia akaifungue hii kona airudie. Simama hapo hapo, usikubali aseme ataileta. Ukirudi pita hapa kwenye kioo kwanza, halafu ndiyo uje kwangu. Na wakikuuliza njiani unatafuta nini?"

"Fremu, mayu."

Nyanjige alimtazama.

"Fremu ya kuchapia," alisema Kabula.

"Kwa sauti," alisema Nyanjige, "wasikie mpaka stendi."