Kikombe cha Msumarini

Juzi, katika hoteli ndogo ya chai pale Kipsongo, Kitale, Wabukusu, Wasabaoti na Wakikuyu tulikuwa tukibishana ni nani alifika kwanza mji huu. Vikombe vikaisha. Mhudumu akanimiminia chai katika kikombe cha bati kilichokuwa kimetundikwa msumarini.

Mwenye hoteli akakipokonya. "Si hiyo, bana! Hiyo ni ya Waturkana."

Mama Mturkana aliyekuwa akiosha vyombo mlangoni akasimama, akafuta mikono, akaniletea kikombe cheupe.

"Kunywa tu, mzee. Hii ni safi. Nimeosha mimi mwenyewe."

Kisha akachukua kile cha bati, akarudi kwenye karai lake.

Mezani kila mtu aliangalia mandazi yake. Sisi sote tuliofika Kitale kwanza, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Tuliufungua kwa chai tu.